Kahawa Iliyopoa kwa Baba Sattam

Kikombe bado kiko zuliani, msomaji. Tangu wiki iliyopita hakuna aliyethubutu kukigusa.

Kama gazeti lilikupita, sogea karibu, hujachelewa. Mwalimu Mutlaq ameketi katika sebule ya Rumaih, shambani nje ya mji wetu wa Buraida. Amemiminiwa kahawa, amekipokea kikombe kwa mkono wa kulia kama mtu mwenye adabu zake, kisha badala ya kunywa amekiweka chini. Kwetu mkoani Qasim mgeni akifanya hivyo ana haja nzito, na hanywi mpaka apewe. Akiinuka kabla ya kunywa, mwenye nyumba bora ahame mji.

Na Rumaih, mtu mzima na ndevu zake nyeupe, akafanya ujinga ule ule tunaoufanya sote na kuuita heshima. Hakuuliza haja ni nini. Alisema, "Kunywa kahawa yako, Mwalimu. Umeshapewa."

Hapo ndipo Mutlaq akanywa. Akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akakirudisha.

"Mungu akuweke, Baba Sattam. Nilijua nyumba hii siwezi kuikosea."

"Haya, nitajie nilichokupa." Rumaih alikuwa bado anacheka. "Shamba? Ngamia? Kama ni posa umechelewa, Wadha ana mume."

"Nina mgeni garini. Nataka akae kwako, yeye na maboksi yake, mpaka Alhamisi. Asijue mtu."

"Mgeni gani huyo wa kufichwa?"

"Nahar."

Kicheko kilimkauka Rumaih mdomoni. Nahar ni kitinda mimba wake. Aliondoka nyumbani akisema anakwenda Madina kusoma, na picha yake iliyofuata baba mtu aliiona gazetini, katikati ya picha za vijana wengine wanaotafutwa kwa kulipua nyumba za watu Riyadh. Tangu siku ile Rumaih aliacha kununua gazeti.

"Mwanangu Nahar yuko nje ya mlango wangu?"

"Una Nahar mwingine?"

Nahar mwingine hakuwa naye. Mtoto mwingine wa kiume alikuwa naye, na mji mzima unamjua, maana kwa jina lake ndiyo Rumaih anaitwa Baba Sattam.

Lazima niwaambie habari za Sattam, na nitazisema haraka kwa sababu zinaniunguza. Sattam alikwenda Afuganistani kupigana na Warusi. Hakutoroka, alisindikizwa! Siku zile tiketi ya kwenda huko iliuzwa nusu bei, maimamu waliwaombea vijana kwa majina yao, na mwalimu wake, huyu huyu Mutlaq, alimpa ruhusa ya shule na kumbusu kipaji cha uso. Mafuta yalikuwa yakitiririka, serikali ilikuwa na raha zake, na kila mzee aliyetoa mtoto alipewa kiti cha mbele harusini.

Habari ya kifo chake ilipofika, hatukuweka matanga. Tuliweka sherehe. Rumaih alisimama getini na kanzu mpya, watu wakampa mkono na kumwambia hongera, wala hakuna aliyesema pole. Kondoo walichinjwa, halua ikapita kwenye sinia. Mudhi, mama wa marehemu, aliambiwa na mashehe kupitia pazia kwamba akilia atampunguzia mwanawe thawabu. Akajikaza, akaingia jikoni kuwapikia wali wageni waliokuja kumpongeza kwa kufiwa.

Tulikula ule wali, watu wa Buraida. Tuliulamba na vidole.

Turudi sebuleni. Nahar aliingia akiwa amekonda, kanzu inamning'inia, na kidevu chake kitupu kama cha mtoto. Rumaih alimkumbatia hata akamwinua. Halafu akamsukuma nyuma amtazame.

"Ndevu zako ziko wapi?"

"Nimenyoa, Baba. Polisi wanatafuta ndevu."

"Zamani nyinyi ndio mliowatukana watu wanaonyoa."

"Zamani," alisema Nahar, akacheka kidogo. Ni kicheko kile kile cha utotoni.

Mutlaq alishusha maboksi mwenyewe na kuyaingiza ghala la tende. Rumaih akajaribu kumsaidia, akashindwa kulinyanyua la kwanza.

"Kuna nini humu?"

"Vitabu."

"Vitabu gani vizito hivi?"

"Elimu ina uzito wake, Baba Sattam. Neno lako ninalo?"

"Unalo."

Mwalimu akapanda gari, akaondoka. Kesho yake angeingia darasani kama kawaida, na mwisho wa mwezi serikali ile ile anayotaka kuipindua ingemlipa mshahara wake bila kuchelewa. Usishangae. Ndivyo tulivyokuwa tukiishi.

Ghalani, Nahar alikaa juu ya gunia, akaanza kula tende kwa pupa. Rumaih alisimama mlangoni akimtazama anavyotafuna.

"Mama yako hajui uko hapa. Nitamwandaa kwanza, moyo wake si mzima."

"Kama unavyoona."

"Nahar, hivyo si vitabu."

"Mwalimu kasema ni vitabu."

"Mimi si mwanafunzi wake. Mnataka kumuua nani?"

Nahar akatema kokwa mkononi, kwa adabu kabisa, akaiweka kando. "Baba, umeshatoa neno. Mtu akishatoa neno haulizi tena."

"Nakuuliza kama baba yako!"

"Kama baba yangu?" Alinyanyua uso. "Haya, na mimi nikujibu kama mwanao. Nani alinikalisha sebuleni kila Ijumaa nikiwa mdogo, nimimine kahawa huku akiwasimulia wageni jinsi Sattam alivyokufa? Bunduki mkononi, uso mbele, tabasamu mdomoni. Nani alisema kila mara, huyu mdogo naye anakua? Wageni wakanishika kichwa. Ulikuwa wewe, Baba, au ni jirani?"



"Wale walikuwa Warusi," alisema Rumaih. "Waliivamia nchi ya watu."

"Na Wamarekani waliokuja kukaa kwetu na vifaru vyao walikuwa mahujaji?"

"Wafalme wetu ndio waliowaita! Saddam alikuwa mlangoni!"

"Ndiyo. Wafalme wetu. Na mashehe wale wale waliomwombea Sattam wakatuandikia kwamba ni halali. Tukabaki tunajiuliza ni lini walisema kweli, mara ya kwanza au mara ya pili." Akachukua tende nyingine. "Nina cheti cha chuo, Baba. Ulikiweka kwenye fremu. Nimekaa barazani na cheti changu mpaka makalio yakafa ganzi. Aliyekuja kuniuliza habari zangu ni Mwalimu Mutlaq peke yake."

Jambo baya, msomaji, ni kwamba Rumaih alitafuta jibu na hakulipata. Alitafuta moyoni mwake kama mtu anayepapasa mifuko ya kanzu, mfuko huu, mfuko ule, na yote mitupu. Angeweza kumpiga kofi. Angeweza kumwambia jambo moja alilolijua yeye peke yake katika dunia nzima, jambo ambalo lingemnyamazisha kijana pale pale. Hakufanya lolote kati ya hayo.

Honi ikalia nje.

Rumaih alichungulia. Ni gari la mkwewe! Kapteni Faihan wa kikosi cha usalama, mume wa Wadha, alikuwa anashuka na kujinyoosha mgongo. Nyuma Wadha alikuwa akimfunika vizuri mtoto wao mchanga, Haila, kwa shuka jepesi.

"Kaa hapa," Rumaih alimnong'oneza Nahar. "Usikohoe."

Faihan hakuwa na sare. Alikuwa na kanzu safi na harufu ya udi, mtu aliyekuja kwa wakwe. Wadha alipita upande wa wanawake kwenda kwa mama yake, Faihan akaingia sebuleni, akambusu Rumaih kichwani.

"Mmekuja bila kusema," alisema Rumaih.

"Mtu anakuja kwao anapiga hodi ya simu, ami?"

"Hapana, hapana. Karibu. Karibu sana."

Rumaih alimimina kahawa mwenyewe. Ikamwagika kidogo kwenye zulia, na Faihan akajifanya anaangalia dirisha. Ni kijana mwenye heshima. Miaka yote aliyokaa na Wadha hajawahi kumtazama usoni mama mkwe wake, wala kumtaja kwa jina.

Rumaih akampa kikombe.

Faihan akakiweka chini.

Ewe Mola! Mwenye nyumba alikitazama kikombe kile cha pili kama mtu anayemtazama nge. Mvuke wa iliki ulipanda polepole.

"Ami," alisema Faihan, "nina haja."

Na safari hii Rumaih hakusema umeshapewa. Faihan alingoja apewe nafasi, akaona hapewi, akaendelea.

"Gari la Mutlaq limeonekana njia ya huku. Mutlaq tunamfuatilia muda. Sikuulizi alikuja kufanya nini, nisije nikakulazimisha uniambie uongo ndani ya nyumba yako. Haja yangu ni hii tu: siku Nahar akija kwako, mkabidhi kwangu. Kwangu mimi, mkono kwa mkono. Mimi nitamfikisha akiwa hai."

"Wenzako wangefanyaje?"

"Wenzangu wamezika marafiki, ami. Hawatauliza jina mara mbili."

Nzi alitua kwenye ukingo wa kikombe, akatembea, akaruka.

"Atafungwa," Rumaih alisema.

"Atafungwa. Mama yake atamwona siku za kuonana. Atazeeka. Hilo ni dogo?"

Si dogo. Ni kila kitu! Rumaih alijua kwamba mlango huu hautafunguliwa tena. Lakini alikuwa ametoa neno, na Mutlaq angelipeleka neno hilo msikitini: Baba Sattam alininywesha kahawa kisha akanigeuka, akamuuza mwanawe kwa serikali. Rumaih aliona nyuso za waumini baada ya swala. Aliziona waziwazi kuliko uso wa mwanawe aliyejificha hatua chache kutoka pale. Mtu anayeogopa watu zaidi ya anavyowapenda wanawe, tumwiteje? Sisi tulimwita mheshimiwa.

"Sijui aliko," alisema Rumaih.

Faihan alikaa akimtazama mpaka mvuke wa kahawa ukakoma. Kisha akainuka. Kikombe kilibaki zuliani kimejaa.

"Faihan! Kaa ule. Mama yenu anapika."

"Mungu aongeze. Ninaingia zamu."

"Faihan, usiniondokee hivi."

"Sijakuondokea mimi, ami," alisema kijana kwa sauti ya chini. Akatoka na kumwita mkewe kutoka uani, bila kuingia, kama ilivyo adabu. "Wadha! Twende!"

Wanawake walichelewa kidogo. Rumaih alibaki amesimama katika mlango wa sebule, uso unawaka kwa aibu. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kuondoka kwake na kuacha kahawa ipoe. Aliona mabaibui mawili meusi yakitoka mlango wa jikoni, Wadha na mtoto mbele, mwingine nyuma akitembea polepole na kuinama. Akajua ni Mudhi, anakwenda kukaa na binti yake siku chache, na kwamba naye amekasirika kiasi cha kutoaga. Faihan aligeuza uso pembeni mpaka wote wawili wakapanda nyuma na mlango ukafungwa. Gari likaondoka.

Rumaih alirudi ndani, akakaa mbele ya kikombe.

Hakuna aliyeona alivyolia, mimi nawaambia tu. Alilia kama mtu asiyejua namna ya kulia, kwa kikohozi kikohozi. Kisha akafuta uso kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, akasema kwa sauti, sebule ikiwa tupu, "Neno langu na livunjike! Mutlaq aseme atakalo. Waseme wote!"

Aliinuka. Angemtoa Nahar mwenyewe, amshike mkono, ampigie Faihan simu arudi. Alivuka ua akikimbia, kiatu kimoja kikamvuka, hakukifuata.

Ghala lilikuwa tupu.

Kanzu ya Nahar ilikuwa imekunjwa juu ya gunia. Boksi moja lilikuwa wazi, na ndani hamkuwa na kitabu hata cha kusomea watoto. Kulikuwa na betri, vipande vya waya, gundi ya karatasi, na chini sakafuni misumari midogo iliyomwagika, mingi, inang'aa.

Rumaih aliinama, akachota misumari kwenye kiganja. Hakuelewa. Halafu akaelewa.

"Mutlaq amerudi kumchukua," alijiambia. "Amepita nyuma. Amemchukua." Alitaka sana iwe hivyo.

"Baba Sattam!"

Aligeuka. Mudhi alikuwa amesimama katika mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Mudhi! Mkewe, kwa miguu yake, na kichwani shela yake ya jikoni yenye alama za mafuta.

"Wewe," alisema Rumaih. "Wewe si umeondoka nao?"

"Mimi? Wali uko motoni, niondoke nao kwenda wapi?"

"Nimeona watu wawili wakipanda gari."

Mudhi akatazama huku na huku, kisha akamsogelea. Alikuwa akitabasamu. Rumaih hakulikumbuka tabasamu lile, lilikuwa la tangu zamani, tangu watoto wote wako nyumbani.

"Usikasirike," alisema. "Nilijua yuko hapa. Mliponyamaza kule sebuleni, aliingia jikoni kwa mlango wa nyuma, akaniangukia miguuni. Mwanangu! Amekonda, umeona? Analia, Wadha analia, mimi nalia. Akasema nimechoka, Mama, nataka kujisalimisha. Lakini si barabarani, barabarani watanipiga risasi. Anataka kwa kamanda wa Faihan mwenyewe, ndani kule kwenye nyumba za maofisa, wanakokaa wao."

"Mudhi."

"Wadha akasema tumpeleke sasa hivi. Faihan hatajua mpaka wafike, maana akijua njiani itabidi amfunge pingu mbele ya mkewe. Nikampa baibui langu lile la kusafiria. Limemfika miguuni kabisa, maskini, urefu ni wangu." Alicheka, akafuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Wadha kasema wewe nisikwambie mpaka wafike, maana umebanwa na ile kahawa yenu. Basi, sasa umejua. Atafungwa, lakini nitakuwa namwona. Mmoja wangu nitakuwa namwona."

Rumaih alinyoosha mkono, akafungua kiganja.

Mudhi aliitazama misumari.

"Ya nini hiyo?"

Mudhi alitazama nyuma ya mumewe, ghalani, kwenye boksi lililo wazi na waya zake. Mwiko ukamponyoka. Lile tabasamu lilimtoka usoni taratibu, na msomaji, mimi niliyezoea kuandika mambo ya kutisha kila wiki sijui namna ya kuliandika hili.

"Mtoto yuko garini," alisema Mudhi. "Haila yuko kwenye gari."

"Najua."

"Nimemfunga baibui kwa mikono yangu. Kiunoni palikuwa pagumu. Nikadhani amekonda, ni mifupa."

Rumaih alikuwa ameshatoa simu. Kidole kilikataa kupata namba, akakosea, akarudia. Ikaita.

Fikiri pamoja naye. Akimwambia Faihan, Faihan ni askari, atageuka na mkono utakwenda kwenye bastola. Nyuma yake yuko mtu aliyevaa mkanda wa misumari, amekaa bega kwa bega na dada yake. Asipomwambia, gari la kapteni litapita getini bila kupekuliwa, maana hakuna askari katika nchi yetu atakayewainulia wanawake wa kapteni nikabu. Kule ndani zipo nyumba, zipo bembea, wapo watoto wanaocheza mpira baada ya alasiri.

"Ami?" Sauti ya Faihan ilikuwa baridi lakini ya heshima. "Tunakaribia getini."

"Faihan, mwanangu." Rumaih alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka imetulia, akaistaajabia. "Nipe Mama Sattam."

"Mama tangu apande hajasema neno. Nadhani amekasirishwa na ile kahawa. Ana haki."

"Nipe tu."

Faihan alinyoosha mkono na simu kwenda nyuma, juu ya bega, bila kugeuka. Rumaih alisikia vitambaa vikisuguana, mtoto akiguna usingizini.

"Baba," alisema Wadha.

"Wadha, usinijibu. Usiseme lolote. Mwekee simu sikioni."

Ikasikika pumzi nyingine, nzito, ya karibu sana.

Mudhi alikuwa amemshika mumewe mkono wa kanzu. Rumaih alitaka aende mbali, akaseme peke yake, nyuma ya ghala, Mudhi asisikie. Hata wakati ule! Hata wakati ule alitafuta mahali pa kujificha. Hapakuwepo. Alifumba macho.

"Nahar. Usitikisike, nisikilize. Sattam alipiga simu."

Pumzi ile haikubadilika.

"Kutoka Peshawari, kule mpakani, kabla hajafa. Sijamwambia mtu, hata mama yako, yuko hapa ananitazama. Alisema, Baba, nitoe huku. Wanauana wao kwa wao, wenyewe kwa wenyewe, sijui hata napigana na nani. Nitumie tiketi nirudi. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Nikamwambia usiniaibishe. Nimeshawaambia watu wote uko vitani, utarudije kabla ya wenzako? Akasema, Baba tafadhali. Nikakata simu. Nilikata mimi."

Mkono wa Mudhi ulimwachia kanzu.

"Hakufa na bunduki. Waliompiga ni watu wa kundi jingine, Waislamu, kwa ugomvi wa gari. Aliyeleta habari aliniambia, nikampa zawadi ili anyamaze. Yote niliyosema Ijumaa zile, tabasamu, uso mbele, niliyatunga. Niliyatunga, wewe ukiwa umesimama na dele la kahawa mkononi. Nisamehe. Hapana, usinisamehe. Shuka tu kwenye gari, mwanangu."

Kwa mbali alisikia gari likipunguza mwendo, kioo kikishuka, sauti ya askari kijana ikisema, "Kapteni! Uko na nani?"

"Mke wangu na mama yake," Faihan alisema.

"Pita, afande."

Chuma cha kizuizi kikalia kikipanda. Gari likasogea. Rumaih aliibana simu sikioni mpaka ikamuuma.

Ndipo yule aliyevaa baibui alipoongea. Hakunong'ona. Hakubadilisha sauti.

"Alilia?" aliuliza Nahar. "Sattam, kwenye simu, alilia?"

Breki zikapiga kelele. Mtoto akaamka, akaanza kulia. Juu ya kilio hicho Rumaih alimsikia mkwewe akiongea taratibu mno, mtu ambaye mpaka dakika ile alikuwa bado hajageuza shingo kutazama nyuma kwa ajili ya heshima.

"Wadha," alisema Faihan, "nani huyo uliyekaa naye?"